Mjane Mwenye Kisima

2 Machi

Bwana Tena ameniharibia siku. Jina lake si hilo, lakini ukumbi mzima tunamwita hivyo, maana kila ukimaliza kusema maneno yako anakunja mikono na kusema, "Tena." Ndiye anayeongoza mchezo wetu wa mwaka huu. Hadithi yenyewe si ndefu: ukame umeingia, visima vyote mtaani vimekauka isipokuwa kimoja kilicho ndani ya ua wa mjane tajiri, na watu wanakuja getini na ndoo zao.

Nilikwenda nikijua nitapewa sehemu ya mwanamke anayebisha hodi. Kabla sijaolewa ndizo nilizokuwa nikipewa siku zote: mfuaji nguo, muuza mkaa, mama anayeuguza mtoto. Hizo nazimudu.

"Wewe ni mjane," akasema.

"Mjane mwenye kisima?"

"Kwani yuko mwingine?"

Nikamwambia mimi ni mzaliwa wa mtaa wa chini, utajiri nimeukuta kwenye ndoa tu. Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Ulipoingia leo ulimwambia Nesi akusogezee kiti," akasema. "Hukuomba. Uliagiza. Na yeye akakisogeza."

Nesi, ambaye kweli ni muuguzi wa hospitali na ndiye aliyepewa sehemu niliyoitaka, alinong'ona, "Usijali mwenzangu, mimi wala sikuona."

Alikuwa ameona.

4 Machi

Mvua ya kwanza. Mwanangu Chiriku kacheza barazani kalowa chapachapa. Mama mkwe akanisema mimi.

7 Machi

Bwana Tena ametutaka kila mmoja aandike anayoyaona msimu huu, ili tukipanda jukwaani tusiwe watupu. Basi niandike kuhusu nyumba.

Nyumba ni ya baba mkwe. Ni mkandarasi, na ndiye mdhamini wa ukumbi wetu. Viti vile vyenye mito ametoa yeye. Nyumba iko juu, imezungushiwa ukuta mrefu aliouongeza mwaka jana, na chini ya ukuta amepitisha mfereji wa zege unaomwaga maji ya mvua nje, upande wa bondeni. Nikisimama roshani naona mabati ya mtaa wa chini, na katikati yake paa la mama yangu, lile lenye kiraka kipya.

Humu ndani hakuna anayekatazwa kitu. Ukitaka kutoka jioni unaulizwa tu: unakwenda wapi, kuna nini huko, utarudi na nani? Mpaka safari yenyewe inakuchosha kabla hujavaa viatu. Nilipoolewa nilikuwa keshia dukani. Sikuambiwa niache. Baba alicheka tu: "Mke wa mwanangu awahesabie watu chenji?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na Jumatatu iliyofuata sikwenda kazini.

Mume wangu ni mtu mpole. Anafanya kazi kwa baba yake, anaendesha gari la baba yake, analala chini ya paa la baba yake. Ukimwambia lolote anajibu, "Subiri kwanza." Hilo ndilo nililompendea, kwamba hana haraka.

Mama mkwe hanipendi. Nikipika anaonja, anarudisha kijiko, anaondoka bila neno.

11 Machi

Leo mazoezi yaligeuka mjadala. Kinyozi, anayeigiza mlinzi wa mjane, aliuliza, "Sasa huyu mama kosa lake nini? Kisima kachimba kwa pesa yake. Ukame hakuuleta yeye."

Nesi akamrukia. "Watu wanakufa kwa kiu nje ya ukuta wake!"

"Kwa hiyo mtu akiwa nacho ndiyo ageuke serikali?"

Walibishana mpaka mate yakawakauka. Bwana Tena aliwaacha, halafu akanigeukia. "Mjane unasemaje?"

Nikasema sijui. Akasema, "Nenda katafute. Watazamaji wakitoka hapa wanajua jibu, basi tumewadanganya."

15 Machi

Nimekwenda kwa mama. Kainua cherehani yake juu ya matofali, na vitambaa vya wateja kavitundika juu kwenye boriti. Mdogo wangu wa kike alikuwa anakumba maji kwa sufuria. Jirani yao, mzee fundi viatu, alikuwa amekaa mlangoni pake, miguu juu ya stuli, anashona soli kama vile maji yale hayamhusu.

"Maji ya mvua tunayajua, mwanangu," mama akasema. "Haya mengine ndiyo mageni."

"Yanatoka wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu, juu. "Muulize mkweo."

Aliyasema huku anacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

16 Machi

Nimemwambia mume wangu kuhusu mfereji. "Subiri kwanza, Baba yuko kwenye zabuni."

19 Machi

Nimemkumbusha. Subiri.

22 Machi

Nimepiga moyo konde, nimemwambia Baba mwenyewe, mezani, wakati wa chai. Nilitegemea angefoka. Hakufoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo kwa kitambaa.

"Mwanangu, maji yana njia yake. Mimi nimeyatoa kwangu tu. Na kila mtu ayatoe kwake." Kisha akamwita dereva apeleke kwa mama mchele, mafuta na sabuni. "Mwambie mama yako asisite. Akiwa na shida, sisi ni ndugu."

Nikasema, "Asante, Baba." Ningesema nini tena? Mtu akikupiga unajua pa kushika. Huyu ananishika begani kwa upole, nami siwezi kujinasua.

Mama mkwe alikuwa anakusanya vikombe. Hakunitazama.

25 Machi

Katika mchezo mjane anawajibu watu wa ndoo. Siku zote nilikuwa nikiyasema maneno yale kwa kufoka, mikono kiunoni, na Bwana Tena anasema, "Tena." Leo sikufoka. Nilitabasamu. Nikamshika Nesi begani, nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto: "Mwanangu, mimi nimechimba changu tu. Kila mtu achimbe chake."

Bwana Tena hakusema, "Tena."

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nyumbani."

28 Machi

Mvua.

29 Machi

Mvua. Mazoezi yameahirishwa. Nimejifunza kusuka nywele za Chiriku kwa mtindo mpya, nikazifumua, nikasuka upya.

30 Machi

Mvua. Chiriku kauliza kama mbingu zimetoboka. Umeme umekatika mtaa wa chini. Kwetu kuna jenereta, inanguruma kutwa, hata husikii mvua.

3 Aprili

Niandike ya jana kabla hayajabadilika kichwani.

Ilikuwa alasiri. Baba alizima jenereta ili ipoe, ndipo tukasikia watu. Si kelele, sauti tu nyingi, kama soko likiwa mbali. Nikatoka roshani. Njia yote ya kupanda huku ilikuwa imejaa watu wamebeba magodoro vichwani, na kule bondeni mabati yalikuwa yanaelea. Sikuliona paa lenye kiraka.

Nilishuka ngazi bila viatu. Mlinzi alikuwa amesimama ameegemea geti kwa mgongo, kama anayelizuia lisianguke.

"Mama Chiriku, mimi nimeambiwa," akasema kabla sijafungua mdomo.

Kupitia nondo za geti nilimwona mama. Alikuwa amekumbatia kichwa cha cherehani, amekifunga kwenye nailoni kama mtoto mchanga. Mdogo wangu alikuwa ameshika pembe ya kiti, na upande wa pili kiti kimeshikwa na kijana mmoja, na juu ya kiti ameketi mzee fundi viatu, anatetemeka, midomo imepauka. Nyuma yao watu kumi, ishirini, sijui.

"Mwanangu," mama akasema, "kuna nafasi hapo barazani? Hata barazani tu, mpaka maji yapungue."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amekuja na mwavuli. "Fungua," nikamwambia.

"Subiri kwanza, Baba yuko kwenye simu."

"Mama yangu ananyeshewa!"

"Namwona. Na mimi namwona, Mama Chiriku. Dakika moja tu."

Nikasimama naye chini ya mwavuli. Hilo ndilo ninaloliandika na mkono unanikataa: nilisimama chini ya mwavuli nikamtazama mama yangu akilowa, tukisubiri mwanaume amalize simu.

Baba akaja. Alikuwa na koti la mvua na uso wa huzuni, huzuni ya kweli. Aliwasalimia. Alimpa mzee pole. Kisha akanivuta kando.

"Ukimfungulia mmoja umewafungulia wote," akasema. "Na wote hawa kesho utawatoaje? Mama yako ni mtu wetu. Aingie kwa mlango wa nyuma, yeye na mdogo wako, wapewe stoo. Hawa wengine shule ya msingi iko hapo tu mbele."

Nikarudi kwenye nondo nikamwambia mama. Nilimwambia kwa upole. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ile ya mazoezini, nikataka kuutapika ulimi.

Mama aliwatazama wenzake. "Hawa nimekuja nao," akasema.

"Mama, tafadhali. Wewe tu kwanza."

"Huyu mzee kanifungia mlango usichukuliwe na maji, yeye wake umekwenda. Nimwambie nini sasa, kwamba binti yangu kaolewa?"

Nikalishika geti. Ningeweza kumsukuma mlinzi, ni mtu wa makamo na goti linamuuma. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza hata kusema nifungulieni mimi nitoke. Juu dirishani Chiriku alikuwa ananiita, "Mama! Mama!" na nikajua nikitoka, geti hili litafungwa na mtoto yuko upande huu.

Mama naye aliisikia sauti ile. Akaingiza vidole viwili kati ya nondo, akanigusa shavu.

"Ingia ndani, mwanangu," akasema. "Utalowa."

Wakaondoka. Baba akaamuru wapewe turubai, likapitishwa juu ya ukuta. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe kwenye dirisha la jikoni, mikono yake ina povu la sabuni, hajaifuta, inamdondokea kwenye nguo. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Usiku mume wangu alisema, "Nilikuwa naenda kumwambia Baba afungue, unajua. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza." Namwamini. Atakuwa bado anaitafuta.

5 Aprili

Nimeruhusiwa kwenda shuleni, na dereva. Wamewekwa kwenye madarasa, familia nne nne, madawati wamepanga kuwa vitanda. Mama anashona: kichwa cha cherehani amekifunga kwenye dawati na anakizungusha kwa mkono. Mdogo wangu hakunisalimia. Nilimpa nguo nilizobeba, akazipokea akaziweka chini kama zinachoma.

Nesi alikuwepo, amekuja kujitolea. Mzee fundi viatu anakohoa. "Kifua," akaniambia. "Alikaa na baridi muda mrefu." Hakusema wapi.

8 Aprili

Mzee amefariki.

Nimemuuliza mume wangu nani alaumiwe. Akasema, "Mvua." Nimemuuliza tena. Akasema mzee alikuwa na umri mkubwa. Sikumuuliza mara ya tatu, maana hata mimi nina majibu yangu ya namna hiyo, na nimeyatumia yote.

12 Aprili

Kuna jambo nimeligundua kuhusu mama mkwe. Kila alasiri vyombo vikiisha, anapanda roshani na kusimama pale pale ninaposimama mimi. Leo tulikutana mlangoni. Nikampisha. Akasema, "Pita tu, pana nafasi ya wawili." Tukasimama. Kule chini watu walikuwa wanaanika magodoro juu ya mabati yaliyobaki.

Nilidhani miaka yote anaondoka bila neno kwa sababu ya dharau. Sasa sina hakika kama kuna mtu aliwahi kumuuliza neno.

18 Aprili

Tumeigiza.

Baba alitangaza kwamba mapato yote yatakwenda kwa waathirika wa mafuriko, na akaamuru safu ya pili yote watengewe wao. Aliwatumia basi. Alipiga nao picha, mkono begani mwa mama yangu. Mama alikuwa amevaa gauni langu.

Nilikuwa na hofu moja tu: mama atasikia maneno yale kutoka kinywani mwangu. Nilipofika kwenye, "Mwanangu, mimi nimechimba changu tu," nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amelala. Amelala fofofo, kichwa kimeangukia begani kwa mdogo wangu, mdomo wazi. Kiti kikavu, chenye mto, gizani, baada ya majuma ya dawati. Alilala mchezo mzima. Mdogo wangu ndiye aliyenitazama, na hakupepesa.

Baba, safu ya kwanza, alilia. Nilimwona akitoa kitambaa. Mchezo ulipoisha alikuwa wa kwanza kusimama, akapiga makofi mikono juu ya kichwa. Nyuma ya pazia akanikumbatia.

"Yule mwanamke!" akasema. "Roho ya jiwe! Uliwezaje kuigiza mtu mbaya kiasi kile?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Bwana Tena alikuwa amesimama karibu. Akatazama viatu vyake. Mdhamini ni mdhamini.

26 Aprili

Jana Baba alialika wageni, wenzake wa zabuni na wake zao. Baada ya chakula akagonga glasi kwa uma. "Mkwe wangu ni msanii. Mama Chiriku, simama utupe lile la mjane."

Nikasema nimechoka. Wakanibembeleza. Mume wangu akaninong'oneza, "Kidogo tu, waridhike."

Nikasimama. Nilifungua mdomo niseme, "Mimi nimechimba changu tu," na maneno yale hayakuja. Yakaja mengine.

Nilisema, "Mfereji wa nyumba hii unamwaga maji mtaa wa chini. Nilimwambia Baba kabla ya mafuriko. Siku ile mama yangu alikuja getini na majirani zake, na mzee mgonjwa kwenye kiti. Baba alisema akimfungulia mmoja kawafungulia wote. Mume wangu alikuwa na mwavuli. Mimi nilikuwa chini ya mwavuli. Hatukufungua. Mzee yule alishona viatu vya mtaa mzima, na vyangu vya shule, na amekufa kwa kifua. Hakuna aliyemuua. Sisi tulikuwa ndani tu."

Nilikaza meno nikasubiri meza ipinduke.

Halafu Baba akaanza kupiga makofi.

"Mnaona?" akawaambia wageni, macho yanamng'aa. "Hata bila jukwaa! Anaitunga papo hapo!" Wakapiga makofi wote. Mke mmoja akasema nywele zimemsisimka. Mwingine akauliza onyesho jingine ni lini. Nikasema, "Siigizi," nao wakazidi kucheka, wakasema haya, tena, tena.

Mume wangu alikuwa anatazama sahani. Yeye alijua. Na Baba, mikono yake ikiendelea kupiga, macho yake yalinigusa mara moja tu, na nikaona kwamba na yeye anajua. Makofi yale alikuwa amenifunga nayo mdomo.

27 Aprili

Asubuhi mama mkwe amekuja chumbani kwangu. Hajawahi kuja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akikitazama kioo.

"Juzi mimi sikupiga makofi," akasema.

"Shikamoo, Mama. Niliona."

"Marahaba. Tangu niolewe humu sijawahi kumaliza neno pale mezani. Nikianza, wanamalizia wao." Akaniangalia kwenye kioo. "Wewe ulimaliza."

"Walicheka, Mama."

"Walicheka. Lakini uliyasema mpaka mwisho, na mimi nilikuwa nayasikia." Akainuka. "Mpeleke mtoto kwa bibi yake leo. Mlinzi nimeshamwambia. Mwenye nyumba akiuliza, mwambie nimekutuma mimi."

Nikasema, "Asante, Mama." Kisha nikakasirika peke yangu chumbani, kwamba namshukuru mtu kwa ruhusa ya kwenda kwa mama yangu, na kwamba shukrani ilikuwa ya kweli.

Tumeshuka kwa miguu, mimi na Chiriku. Mvua imekatika, njia ni tope tupu. Mama amerudi kwake tangu juzi, kuta zimebaki lakini ndani tope limefika magotini. Yeye na mdogo wangu walikuwa wanalitoa kwa ndoo. Chiriku alipoliona tope alifurahi, akaingia mpaka kiunoni kabla sijamdaka.

Mdogo wangu akasimama, mkono kiunoni. "Umeruhusiwa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni," nikasema.

Nilidhani atanipa maneno. Alinitazama kwanza viatu, halafu uso. Kisha akaniwekea sepetu mkononi.

"Anzia kule kwenye kona," akasema. "Ndiko kuzito."

Nikavua viatu nikaingia.